Kinyozi Hajinyoi: Kamoinge na Uhakiki wa Picha Baina ya Wapiga Picha, New York, 1963–1973

Utangulizi

Methali yasema kinyozi hajinyoi. Fundi wa kunyoa, hata awe hodari namna gani, hakioni kisogo chake mwenyewe. Humbidi aketi, ainamishe kichwa, na kumkabidhi mwenzake wembe. Funzo la kwanza la methali hii lajulikana na wote, nalo ni kwamba kila mtu humhitaji mwenziwe. Funzo la pili husahauliwa: anayenyolewa ameiweka shingo yake karibu na makali, na kwa hiyo huchagua kwa uangalifu mkono utakaoushika wembe.

Hali ya mpiga picha inafanana na ya kinyozi huyo. Aitazamapo picha aliyoipiga, huona zaidi ya yale yaliyomo katika karatasi. Hukumbuka baridi ya asubuhi ile, sauti ya mtu aliyesimama mbele ya lenzi, na taabu aliyoipata hadi kufika mahali pale. Mtazamaji mwingine hana kumbukumbu hizo. Yeye huona mwanga, kivuli, mistari na kingo nne, basi. Kama uchungu alioupata mpiga picha haukuingia ndani ya kingo hizo, mtazamaji hataupata. Ndiyo sababu wapiga picha, tangu zamani, wametafuta macho ya wapiga picha wenzao kabla ya kuikabidhi kazi yao kwa umma.

Makala haya yanachunguza desturi hiyo kwa kufuata kisa kimoja, yaani kikundi cha Kamoinge kilichoanzishwa na wapiga picha Weusi mjini New York mwaka 1963. Hoja yake ni kwamba katika kikundi hicho uhakiki haukuwa hukumu juu ya mtu wala mashindano ya ufundi. Ulikuwa deni ambalo kila mwanachama alimlipa mwenzake, na ulihusu swali zito kuliko uzuri wa mpangilio: ni nani mwenye haki ya kusema kile kinachoonekana katika uso wa mtu Mweusi?

1. Uhakiki kabla ya Kamoinge: hukumu, kanuni, swali

Chama cha wapiga picha cha London kiliundwa mwaka 1853. Katika vyama vya namna hiyo, vilivyoenea upesi Ulaya na Marekani, uhakiki ulichukua sura ya baraza la waamuzi: picha zilitundikwa ukutani, wazee wa chama wakazipitia, medali zikatolewa. Palipo na waamuzi pahitajika kanuni, na kanuni zilipatikana. Henry Peach Robinson, Mwingereza aliyewahi kuwa mchoraji, alichapisha mwaka 1869 kitabu kilichofundisha mpangilio wa picha kwa kufuata sheria za uchoraji. Yeye mwenyewe alikuwa amejipatia jina mwaka 1858 kwa picha ya binti anayekufa kitandani kati ya jamaa zake, picha ambayo aliiunga kutokana na filamu tano za kioo.

Mwaka 1889 Peter Henry Emerson alizishambulia kanuni hizo. Alidai kwamba picha ifuate namna jicho la binadamu linavyoona, sehemu moja ikiwa dhahiri na nyingine hafifu. Hata hivyo, kabla ya mwaka 1891 kwisha, Emerson aliikana nadharia yake mwenyewe katika kijitabu alichokitoa kwa ghadhabu na masikitiko. Ugomvi wa watu hao wawili ulikuwa mkali, lakini kwa jambo moja walilingana. Kila mmoja aliiweka kanuni juu, picha chini, kisha akapima umbali uliokuwa katikati. Mwanachama aliyeleta picha yake alipata kujua kama amefaulu au ameshindwa. Hakupata kujua alichokiona.

Namna nyingine ya kusema ilianza kusikika New York, katika ukumbi mdogo ambao Alfred Stieglitz aliufungua mwaka 1905 katika nyumba namba 291 ya barabara ya Fifth Avenue. Kijana Paul Strand alikuwa akienda huko kuonyesha picha zake. Karibu mwaka 1915 Stieglitz alimwambia jambo ambalo Strand alilisimulia hata uzeeni. Lenzi laini aliyokuwa akiitumia, alimwambia, iliipa picha umoja wa kupendeza, lakini kwa gharama: majani, maji na gome la mti vilionekana kana kwamba vimeumbwa kwa kitu kimoja. Akamshauri azibe tundu la lenzi ili kila kitu kirudishiwe sifa yake.

Maneno hayo yafaa kuchambuliwa. Stieglitz hakusema kwamba picha ni mbaya, wala hakutaja kanuni iliyovunjwa. Kwanza alitaja kitu kinachoonekana katika karatasi. Pili alieleza sababu yake katika chombo. Tatu alitaja gharama yake, yaani kile ambacho mtazamaji alinyimwa. Baada ya hapo uamuzi ulibaki kwa Strand mwenyewe. Matokeo yake yanajulikana: mwaka 1916 Stieglitz alimfanyia maonyesho katika ukumbi wake, na toleo la mwisho la jarida lake Camera Work, la Juni 1917, lilitolewa kwa picha za Strand.

Mwaka 1936 desturi hiyo ilipata makao mapana zaidi katika Photo League, jumuiya ya wapiga picha wa New York ambayo Strand alikuwa miongoni mwa waliyoiunga mkono. Jumuiya hiyo ilikuwa na chumba cha giza cha kusafishia picha, na shule ya ada ndogo ambapo Sid Grossman alifundisha. Wanafunzi walitumwa mitaani, kisha walirudi na picha zao zikajadiliwa mbele ya wote. Desemba 1947 Mwanasheria Mkuu wa serikali ya Marekani aliiweka jumuiya hiyo katika orodha ya vyama vilivyoshukiwa kuwa adui wa dola, na mwaka 1951 ikafunga milango. Lakini waliokuwamo hawakusahau namna ya kutazama pamoja. Wawili kati yao, W. Eugene Smith, aliyekuwa rais wake katika miaka ya mwisho, na Harold Feinstein, aliyeingia humo akiwa kijana mdogo, baadaye walimfundisha Louis Draper, kijana Mweusi mzaliwa wa Richmond, Virginia, aliyehamia New York mwaka 1957. Hivyo desturi ilipita kutoka kinywa hadi sikio, kama hadithi zipitavyo, hadi ikafika Harlem.

2. Jina na maana yake

Mwaka 1963 vikundi viwili vidogo vya wapiga picha Weusi viliungana. Kimoja, ambacho Draper alikuwamo, kilijiita Group 35, kwa upana wa filamu iliyotumiwa katika kamera ndogo. Miongoni mwa waliokutana walikuwamo Albert Fennar, Ray Francis, Herbert Randall, James Mannas na Earl James. Wanachama wengine walikuwa Anthony Barboza, Adger Cowans, Shawn Walker na Beuford Smith. Kiongozi wa kwanza alikuwa Roy DeCarava, aliyezaliwa Harlem mwaka 1919. Huyo alikuwa amesomea uchoraji kabla ya kuchukua kamera; mwaka 1952 alipata tuzo ya Guggenheim, na mwaka 1955 alitoa pamoja na mshairi Langston Hughes kitabu juu ya maisha ya Harlem kiitwacho The Sweet Flypaper of Life.

Jina la kikundi lilitoka katika Facing Mount Kenya, kitabu cha Jomo Kenyatta juu ya desturi za Wagikuyu, kilichochapishwa mwaka 1938. Mwaka ule wa 1963 ulikuwa mwaka wa uhuru wa Kenya, na pia mwaka wa maandamano makubwa ya Washington ya kudai haki za Weusi. Kuchukua neno la Kiafrika wakati huo hakukuwa pambo. Ilikuwa namna ya kusema kwamba mambo ya Nairobi na ya Harlem ni ya ukoo mmoja.

Kwa wanafunzi wa lugha za Kibantu neno lenyewe lina utamu wake. Kamoinge ni maandishi ya zamani ya neno la Kigikuyu ambalo siku hizi huandikwa kamũingĩ. Shina lake, -ingĩ, ni ndugu wa -ingi ya Kiswahili katika watu wengi. Mũingĩ ni kundi la watu, umma. Ka- ya mwanzo ni kiambishi cha udogo. Kiswahili sanifu hutumia ki- mahali hapo, lakini msemaji wa Kiswahili cha Lubumbashi, asemaye katoto na tutoto, hahitaji mkalimani wa ka- hiyo. Kamũingĩ basi ni kundi dogo, au, kwa kulazimisha lugha, uwingi mdogo. Wagikuyu wana methali: kamũingĩ koyaga ndĩrĩ, yaani kikundi kidogo hunyanyua kinu. Ndani ya kitenzi koyaga imo -ag-, alama ya jambo la mazoea, ambayo mzungumzaji wa Katanga ataitambua katika -ak- ya mazungumzo yake ya kila siku. Kinu hakinyanyuliwi siku moja tu. Ndiyo kazi ya kila mara.

Methali hiyo yaweza kuwekwa kando ya ile ya kinyozi. Kinyozi atufundisha kwamba mtu peke yake hajioni. Kinu chatufundisha kwamba dawa ya upungufu huo si bwana mmoja mwenye kuona yote, bali ni kikundi kidogo ambacho kila mtu amelishika zigo upande wake.

3. Mezani pa Jumapili

Wanachama walikutana mara kwa mara, aghalabu siku za Jumapili, nyumbani kwa mmoja wao. Palikuwa na chakula, na santuri za muziki wa jazi. Walizungumza juu ya filamu za sinema, uchoraji na vitabu. Kisha picha ziliwekwa mbele ya wote, zikatazamwa moja baada ya moja. Wengi wao walikumbuka baadaye kwamba maneno ya mikutano hiyo yalikuwa makali, na wakati huo huo kwamba hapo ndipo palipokuwa shule yao. Barboza, aliyejiunga akiwa kijana asiyetimiza miaka 21, alikihesabu kikundi hicho kuwa ndicho kilichomfunza kazi.

Yafaa kuuliza kwa nini ukali huo uliweza kuvumilika. Jibu la kwanza ni kwamba kila msemaji alikuwa pia msemwa. Aliyenena juu ya picha ya mwenzake alijua kuwa yake ingefuata. Hapakuwa na mwamuzi aliyeketi nje ya hatari, kama ilivyokuwa katika mabaraza ya medali. Jibu la pili ni chakula. Jambo hili laweza kuonekana dogo kwa mwanahistoria, lakini si dogo kwa yeyote aliyelelewa katika jamii ambamo maneno mazito hayasemwi kabla ya mgeni kula. Mtu aliyelishwa hukosolewa akiwa mtu wa nyumbani. Jibu la tatu ni hali ya nje. Isipokuwa wachache kama Gordon Parks, aliyeajiriwa na jarida Life mwaka 1948, mpiga picha Mweusi hakufunguliwa milango ya majarida makubwa. DeCarava mwenyewe alipambana na ubaguzi huo katika chama cha wapiga picha wa majarida. Mtu anayenyimwa kazi kwa sababu ya rangi yake hawezi kujua kama picha yake ilikataliwa kwa udhaifu au kwa chuki. Katika chumba cha Kamoinge, na pengine humo tu, neno "haijafika" lilimaanisha haijafika, wala hapakuwa na kitu kingine nyuma yake. Ukweli wa namna hiyo ulikuwa zawadi adimu.

Tena uhakiki huo haukukusudia kumfanya kila mtu apige picha kama kiongozi. Ushahidi umo katika kazi zenyewe. DeCarava alisafisha picha zake katika weusi mzito. Fennar alivutwa na maumbo, hata vitu vya kawaida vikakaribia kuwa michoro isiyo na jina. Cowans, katika picha yake maarufu ya mwaka 1960, alitazama kutoka juu na kumwonyesha mtu akitembea katika theluji pamoja na nyayo zake. Randall alikwenda Mississippi katika kiangazi cha 1964 na kupiga picha za vijana waliofundisha na kuandikisha wapiga kura mjini Hattiesburg. Kikundi kinachokosoa kwa kanuni huzaa picha zinazofanana. Kikundi hiki kilizaa picha ambazo hazifanani, na kwa hiyo mtu ana haki ya kufikiri kwamba walichokuwa wakiulizana ni hiki: picha hii, kwa njia yake yenyewe, imetimiza ahadi yake?

4. Mpangilio na uoni: mifano miwili

Maneno mpangilio na uoni mara nyingi husemwa pamoja, lakini si kitu kimoja. Mpangilio ni jinsi vitu vilivyowekwa ndani ya kingo: kilicho mbele na nyuma, mstari unaoliongoza jicho, nafasi tupu, mahali palipokatwa. Uoni ni kile ambacho mpiga picha alikitambua katika ulimwengu kabla hajabonyeza kitufe, na ambacho mpangilio wapaswa kukibeba. Mhakiki dhaifu huishia katika la kwanza. Husema mti huu ungesogezwa kushoto. Mhakiki makini hulitumia la kwanza kama mlango wa kuingilia la pili. Huuliza ni nini kilichoonwa hata mti ukaachwa hapo.

Mfano wa kwanza ni picha ya Draper ya mwaka 1959, Congressional Gathering, yaani mkutano wa wabunge. Ndani yake hamna mbunge. Kuna nguo zilizoanikwa kambani, na umbo lao lakumbusha majoho na kofia za wale wa Ku Klux Klan. Mtu akiihakiki kwa kanuni za mpangilio atasema kwamba mdundo wa maumbo meupe ni mzuri, au kwamba kamba inakata fremu. Hatakuwa amekosea, lakini hatakuwa amegusa kitu. Anayeanza na uoni atatambua kwamba kijana kutoka Virginia ameona katika nguo za kufuliwa hofu iliyowakalia jamaa zake, na kwa jina alilolipa picha ameihamisha hofu hiyo hadi ndani ya bunge. Hapo tu ndipo swali la mpangilio linapopata uzito. Je, maumbo yamekaa kiasi kwamba mtazamaji huona kwanza nguo kisha majoho, au hulazimishwa kuona majoho mara moja? Picha inayomwachia mtazamaji nafasi ya kugundua humfanya ashiriki. Inayompigia kelele humfunga macho.

Mfano wa pili ni giza la DeCarava. Picha yake ya mwaka 1953 iitwayo Hallway yaonyesha ujia mwembamba wa nyumba ya kupanga, taa hafifu, kuta zilizokaribiana, na weusi ambao jicho hupaswa kuuzoea kama mtu aingiaye ndani akitoka juani. Mwamuzi wa kawaida wa wakati ule angeweza kuikataa kwa neno moja: giza mno. Neno hilo lilikuwa na historia. Vipimo vya ufundi vya upigaji picha vilikuwa vimezoea ngozi nyeupe. Katika picha za rangi, kuanzia miaka ya 1950, kampuni ya Kodak iligawa kwa maabara kadi zenye sura ya mwanamke Mzungu ili rangi zipimwe kwa kufuata ngozi yake. Kwa hiyo kile kilichoitwa mwanga sahihi kilikuwa sahihi kwa watu fulani. Uso Mweusi ukisafishwa kwa kipimo hicho, ama ulizama ama ulipaushwa hadi ukapoteza wenyewe.

DeCarava alikataa njia zote mbili. Katika karatasi zake weusi si upungufu wa mwanga. Umejaa ngazi nyingi za kijivu, na mtazamaji anayevumilia huona ndani yake mkono, shavu, kitambaa. Hapa ndipo tofauti kati ya hukumu na uhakiki inapoonekana wazi. Hukumu husema: giza mno. Uhakiki husema: giza hili limeficha nini, na limefunua nini? Pengine jibu litakuwa kwamba limeficha bila sababu, na picha irudishwe katika chumba cha giza. Pengine jibu litakuwa kwamba waliozoea kipimo kingine hawajajifunza kutazama. Mhakiki asiyekuwa tayari kwa jibu hilo la pili hajahakiki picha. Amehakiki mazoea yake.

5. Kutoka chumbani hadi uwanjani

Kikundi hakikujifungia. Kilikuwa na ukumbi wake mdogo katika mtaa wa 139 wa Harlem, na katika miaka ya 1964 na 1965 kilitoa mikusanyo miwili ya picha zilizosafishwa na wanachama wenyewe. Julai 1966 jarida Camera la Luzern, Uswisi, lilichapisha picha zao za Harlem. Hapo macho ya kikundi yalikutana na macho ya ulimwengu, na ilionekana upesi kwamba si kila mtazamaji alikuja na subira ya Jumapili.

Jambo hilo lilidhihirika mnamo Januari 1969, makumbusho ya Metropolitan ya New York yalipofungua maonyesho makubwa juu ya Harlem kwa jina Harlem on My Mind. Kuta zilijaa picha zilizokuzwa, lakini michoro na sanamu za wasanii wa Harlem hazikuwekwa. Harlem ilionyeshwa kama habari, si kama mahali penye watu wanaojionyesha wenyewe. Waandamanaji walisimama nje, na DeCarava, aliyekuwa amekataa kushiriki, alikuwa miongoni mwao. Malalamiko yao yalikuwa, kwa asili yake, uhakiki wa mpangilio na uoni kwa kipimo cha jengo zima: ni nani aliyechagua, nini kimekatwa nje ya fremu, na kwa macho ya nani? Waliouliza maswali hayo barabarani walikuwa wamezoea kuyauliza mezani.

Mwaka 1973 lilitoka toleo la kwanza la Black Photographers Annual, kitabu kikubwa cha picha za Weusi, chenye dibaji ya Toni Morrison. Beuford Smith alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake, na wanachama wengi wa Kamoinge walionekana ndani yake. Matoleo manne yalichapishwa hadi 1980. Kilichokuwa mazungumzo ya chumba kimoja sasa kilikuwa na kurasa.

6. Kisogo cha kikundi

Historia isiyotaja kasoro ni sifa tu. Kwa muda wa karibu miaka kumi wanachama wa Kamoinge walikuwa wanaume. Mwaka 1965 kikundi kilifanya katika ukumbi wake maonyesho juu ya mwanamke Mweusi. Nia ilikuwa njema: kuzijibu picha za dharau zilizokuwa zikitangazwa juu ya wanawake hao. Lakini palipojadiliwa picha hizo, hapakuwa na mwanamke mpiga picha aliyekaa mezani kusema: hivi sivyo, au hivi ndivyo. Mwanamke wa kwanza kupokewa, Ming Smith, aliingia mwanzoni mwa miaka ya 1970. Picha zake, zenye ukungu na mwendo, zilinunuliwa mwishoni mwa miaka hiyo na makumbusho ya Museum of Modern Art ya New York.

Kasoro hii haiivunji hoja ya makala haya, inaithibitisha. Kama kinyozi hakioni kisogo chake, kikundi cha vinyozi pia kina kisogo. Swali ambalo wanachama waliliuliza makumbusho makubwa, yaani kwa macho ya nani, lilistahili kuulizwa pia ndani ya nyumba. Duara la wahakiki huona kadiri ya tofauti zilizomo ndani yake, wala si zaidi.

Hitimisho

Draper alifariki mwaka 2002, DeCarava mwaka 2009. Mwaka 2020 makumbusho ya sanaa ya Virginia, mjini Richmond, alikozaliwa Draper, yalifungua maonyesho makubwa juu yake na juu ya wapiga picha wa Kamoinge, ambayo baadaye yalikwenda New York. Maonyesho hayo yaliitwa Working Together, kufanya kazi pamoja, ambayo ni fasiri ya jina lile la Kigikuyu. Waliofika waliona picha zilizotundikwa, kila moja na jina la mtu mmoja chini yake. Kile ambacho ukuta haukuweza kuonyesha ni maneno yaliyosemwa kabla picha haijawa picha: karatasi iliyorudishwa chumba cha giza mara ya tatu, fremu iliyokatwa upya, picha iliyopendwa na mwenyewe lakini ikaachwa kwa kuwa wenzake hawakuiona.

Mafunzo ya kisa hiki hayaishii katika kamera. Chuo kikuu nacho ni mahali ambapo watu huwekeana kazi zao mezani, ziwe tasnifu, tafsiri au mashairi. Humo pia hukumu ni rahisi na uhakiki ni mgumu, kwa sababu hukumu huhitaji kanuni tu, bali uhakiki huhitaji mtu atazame. Kusema kilichoonekana, kueleza sababu yake, kutaja gharama yake, kisha kumwachia mwenyewe uamuzi: ndivyo Stieglitz alivyomtendea Strand. Kamoinge iliongeza sharti moja, kwamba anayesema aweke na kazi yake mezani. Bila sharti hilo wembe hubaki mkononi mwa mtu ambaye hatanyolewa kamwe, na kinu hubaki chini.